Ununuzi wa kijeshi kwa vikosi vya anga vinavyopigana ugenini: tatizo si kasi peke yake

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mjadala wa manunuzi ya kijeshi unapoibuka humu, hauchukui muda kabla ya kuishia kwenye hoja ileile, kwamba urasimu unachelewesha mambo na dawa yake ni kununua haraka. Naleta uzi huu nikiikubali nusu tu ya hoja hiyo. Kwa maoni yangu, jeshi la anga linalotakiwa kufunga virago na kwenda kupigana mbali na kambi zake huangushwa zaidi na mambo ambayo mnunuzi hakuyahesabu siku ya kusaini mkataba kuliko linavyoangushwa na urefu wa mchakato wenyewe. Mambo hayo hayana mvuto wowote kwenye gwaride: uzito wa mzigo, vipuri, jenereta, mafuta, idadi ya mafundi, na haki ya kusoma michoro ya mtengenezaji. Nitatumia mfano wa Marekani, kwa sababu ndiko mfumo huu wa vikosi vya anga vya kwenda ugenini kwa zamu ulikopangwa rasmi na ndiko wakaguzi wa serikali huandika hadharani walichokikuta.

Tuanzie ulikotoka mpango wenyewe. Wakati wa Vita Baridi, kikosi cha anga cha Marekani kilichotarajiwa kupigana Ujerumani kilikuwa tayari kinaishi Ujerumani, pamoja na maghala yake, karakana zake na familia za askari wake. Baada ya 1990 kambi nyingi za nje zilifungwa, lakini kazi za nje zikaongezeka. Doria ya kusini mwa Iraki ilianza Agosti 1992 na haikukoma hadi 2003. Katikati yake ikaja Bosnia, kisha Kosovo. Vikosi vilevile viliitwa mara kwa mara kwa dharura, na askari hakuwa na namna ya kujua mwaka wake utakuwaje. Agosti 1998, Jenerali Michael Ryan, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, na F. Whitten Peters, aliyekuwa akikaimu uwaziri wake, wakatangaza mpango wa kuligawa jeshi katika vikosi 10 vya mchanganyiko, kila kimoja kikiwa na ndege za kivita, za mizigo, za kujaza mafuta angani na watu wa kuzihudumia, vyote vikipokezana katika mzunguko wa miezi 15 na zamu za siku 90. Mzunguko wa kwanza ulianza Oktoba 1999. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukituma kikosi kimoja ndani ya saa 48, na hadi vitano ndani ya siku 15.

Sasa zilinganisheni saa hizo 48 na kalenda ya ununuzi. Mfumo wa kupanga bajeti ya ulinzi wa Marekani ni mtoto wa miaka ya 1960, zama za Waziri Robert McNamara, na unataka mahitaji yaandikwe takriban miaka miwili kabla ya fedha kutoka. Fedha zikitoka huwa zimegawanywa mafungu: za utafiti na majaribio zina uhai wa miaka 2, za kununulia vifaa kwa kawaida miaka 3, za uendeshaji mwaka 1, na ofisa anayechota fungu moja kufanyia kazi ya fungu jingine anavunja sheria. Bunge likishindwa kupitisha bajeti kabla ya Oktoba 1, jambo ambalo limekuwa la kawaida, serikali huendeshwa kwa azimio la muda ambalo kwa kawaida haliruhusu mradi mpya kuanza wala uzalishaji kuongezwa. Kamanda aliyeko jangwani akigundua mwezi Novemba kwamba anahitaji kifaa ambacho hakikuandikwa popote, mfumo hauna la kumwambia ila asubiri. Kwa kadiri hiyo, wanaolalamikia mwendo wa kobe wana haki yao.

Kabla sijafika kwenye silaha, naomba mnivumilie nieleze paleti, maana hapo hoja yangu inaonekana kwa macho. Tangu miaka ya 1960, mizigo ya ndege za kijeshi za Marekani hupangwa juu ya bamba la aluminiamu linaloitwa 463L, lenye sentimita 274 kwa 224, lenye vishikizo pembezoni vya kufungia nyavu, na linalobeba takriban kilo 4,500. Ndege ya mizigo ya C-17 inabeba paleti 18, na ndogo yake, C-130 ya kawaida, inabeba 6. Hema, kompyuta, mtambo wa oksijeni, jeki ya kunyanyulia ndege, jokofu la jikoni: kila kinachokwenda ugenini lazima kikae juu ya bamba hilo, au kiwe na magurudumu ya kukiingiza tumboni mwa ndege. Sasa mchukulieni mhandisi anayebuni kifaa cha kupimia mitambo ya ndege ya kivita, akaamua kukipa upana wa mita 2.5 badala ya 2 kwa sababu karakana aliyotembezwa ilikuwa na nafasi tele. Siku hiyo hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa kifaa kitafaulu vipimo vyote vya ubora na mradi utasifiwa kwa kumalizika ndani ya bajeti. Gharama itajitokeza miaka kumi baadaye, pale kikosi kitakapohitaji nafasi ya ziada katika ndege za mizigo wakati ambapo kila kikosi kinazigombania. Hapo mkataba wa haraka haukusaidii chochote, kwa sababu kosa lilifanyika kwenye orodha ya masharti, wala halikuhusu kasi.

Wapenzi wa kasi hupenda kutaja bomu la GBU-28, nami nalitaja kwa heshima. Mapema 1991 ilibainika kwamba Iraki ilikuwa na mahandaki ya amri ambayo mabomu yaliyokuwapo hayakuweza kuyafikia. Wahandisi wakachukua mitutu ya zamani ya mizinga ya inchi 8 iliyokuwa kwenye bohari la Watervliet, New York, wakaichonga, wakaijaza vilipuzi, na kuifunga vifaa vya kuongozwa kwa leza. Jaribio la kulidondosha kutoka angani lilifanyika Februari 24. Jaribio la kutoboa zege likafuata Februari 26. Na Februari 27 mabomu mawili yalishushwa Saudi Arabia na kubebwa na ndege za F-111F kwenda kupiga handaki la al-Taji, kaskazini mwa Baghdad. Asubuhi iliyofuata vita vilisimamishwa. Ni kazi ya kutukuka. Hata hivyo, tazameni kilichotakiwa kusafiri: mabomu mawili, yatumike mara moja, bila vipuri, bila kozi ya mafundi, bila kutakiwa kudumu hata mwezi. Ukiondoa masharti yote ya kuishi ugenini, kasi inawezekana. Kikosi kinachokwenda zamu ya siku 90, kikarithiwa na kingine na kingine tena, hakiwezi kuendeshwa hivyo.

Mfano ninaouona bora zaidi ni wa JDAM, yaani mkia wenye kipokezi cha GPS unaofungwa kwenye bomu la kawaida ili lijiongoze lenyewe. Hitaji lilitokana na vita hivyohivyo vya 1991, ambapo moshi na mawingu viliyapofusha mabomu ya leza. Jenerali Merrill McPeak, mkuu wa jeshi la anga wakati huo, alitaka bei ya kila kimoja isizidi dola 40,000. Mradi ukaingizwa katika miradi michache ya majaribio iliyoruhusiwa na sheria ya 1994 kukwepa kanuni nyingi za kawaida, na ofisi iliyouendesha, chini ya Terry Little, ikaikata hati ya maelezo ya kazi kutoka kurasa 137 hadi 2. Yaliyobaki yalikuwa masharti machache yasiyojadiliwa, yakiwamo shabaha, bei na kutumika kwenye aina mbalimbali za ndege. Namna ya kuyatimiza aliachiwa mtengenezaji. McDonnell Douglas, iliyomezwa baadaye na Boeing, ilishinda mwaka 1995. Bei ilishuka chini ya dola 20,000 na mtengenezaji akaweka dhamana ya miaka 20.

Kinachonivutia hapo si bei. Mkia ambao mtengenezaji ameudhamini kwa miaka 20 haumlazimishi kamanda kusafirisha karakana ya kuutengeneza, na bomu linalopiga lengo kwa mara ya kwanza linapunguza idadi ya mabomu ya kubeba, ndege za kuyabeba, watu wa kuyapakia na mahema ya watu hao kulala. JDAM zilitumika vitani kwa mara ya kwanza mwaka 1999 kutoka kwenye ndege za B-2 wakati wa Kosovo. Kweli, ndege hizo ziliruka kutoka Missouri na kurudi Missouri, safari za takriban saa 30, kwa hiyo atakayesema huko hakukuwa ugenini simbishii.

Upande wa pili wa shilingi ni droni ya Predator. Mkataba ulitolewa Januari 1994, ikaruka Julai mwaka huohuo, na Julai 1995 ilikuwa Gjadër, Albania, ikichunguza Bosnia. Kasi hiyo ilipatikana kwa kutumia utaratibu wa kuonyesha teknolojia, ambao kwa makusudi uliahirisha habari za vipuri, vitabu vya ufundi na mafunzo. Droni ikapendwa, ikabakishwa kazini, na deni la maandalizi yaliyorukwa likalipwa na mafundi waliokuwa kwenye viwanja vya ugenini. Oktoba 2001, ofisi ya majaribio ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, iliandika kwamba Predator haikuwa imefikia kiwango cha ufanisi wala cha kufaa kwa kazi. Mwezi huohuo Predator zenye makombora zilikuwa zikiruka juu ya Afghanistan na makamanda walizing'ang'ania. Naona pande zote mbili zilisema kweli.

Msidhani kwamba kwenda polepole ndiko kunakoponya. Ndege ya kivita ya F-35 ni mradi uliochukua muda mrefu sana, lakini Aprili 2019 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliripoti kwamba kati ya Mei na Novemba 2018 ndege hizo zilishindwa kuruka kwa karibu asilimia 30 ya muda kwa kukosa vipuri. Undani wake unauma zaidi. Vifurushi vya vipuri vya kusafiri navyo viliagizwa miaka mingi kabla. Ndege zikaendelea kubadilishwa kiwandani. Na kikosi cha wanamaji kilipokwenda ugenini kikakuta asilimia 44 ya vipuri vilivyonunuliwa haviendani na ndege kilizozichukua. Fedha zilitoka kwa wakati, zabuni ilifuata sheria, vipuri vilifika, na havikuingia.

Nakaribisha michango, hasa ya waliowahi kufanya kazi za ugavi au za viwanja vya ndege.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Bwana mleta mada, umeieleza paleti vizuri, lakini umeruka jambo ambalo sisi tunaoishi huku Omani hatuwezi kuliruka. Mwaka 1980 Omani na Marekani zilitia saini makubaliano ya matumizi ya viwanja vya Seeb, Thumrait na kisiwa cha Masirah, na kwa miaka mingi iliyofuata vifaa vya jeshi la anga la Marekani viliwekwa akiba huku: mahema, magari, jenereta, mitambo ya maji, silaha. Vita vya Ghuba vya 1991 vilipokaribia, akiba ya aina hiyo iliyokuwa katika eneo la Ghuba ndiyo iliyowapokea askari wengi waliowasili na mabegi tu. Kwa hiyo swali langu ni hili: ikiwa mzigo umekwisha kutangulia, hoja ya uzito na paleti inabaki na nguvu gani? Je, si rahisi zaidi kujaza maghala kuliko kuugeuza mfumo mzima wa ununuzi?

Mleta mada

Waalaykum salaam, sheikh wangu. Swali lako ni zito na linanilazimu kupanua hoja. Ni kweli kwamba bila akiba iliyotangulizwa, ahadi ya saa 48 ingebaki kwenye karatasi. Wachambuzi walioifanyia hesabu mwishoni mwa miaka ya 1990 walifikia hukumu hiyo, wakapendekeza viwanja vya mbele vyenye akiba ya awali, vikihudumiwa na vituo vichache vya nyuma vyenye karakana kubwa.

Lakini ghala nalo ni zao la ununuzi, tena la ununuzi wa aina inayopuuzwa kuliko zote. Ndege mpya ina watetezi katika kila jimbo ambako kiwanda chake kinaajiri watu. Hema lililopauka kwa jua la Thumrait halina mbunge. Akiba inazeeka, mipira inakauka, betri zinakufa. Mbaya zaidi, kikosi kinapobadilisha aina ya ndege, viunganishi vya umeme, vya mafuta na vya kupakia silaha vilivyokuwa ghalani vinaweza visiingie, na mara nyingi ofisi iliyonunua ndege si ofisi inayotunza ghala. Ningependa mkataba wa kila ndege mpya umlazimishe msimamizi wa mradi kulipia mabadiliko ya maghalani kutoka fungu lake mwenyewe. Angechagua viunganishi kwa uangalifu zaidi.

Kuna pia suala la mwenye nyumba. Machi 1, 2003 bunge la Uturuki lilikataa kuwaruhusu askari wa Marekani kuishambulia Iraki wakipitia kwao, na mipango ya miezi ikabidi igeuzwe katika wiki chache. Akiba iliyo katika nchi isiyokuruhusu ni mali ya kuhesabu tu. Isitoshe, makombora ya masafa marefu yamefanya ghala moja kubwa kuwa lengo moja kubwa. Ndiyo maana tangu Desemba 2021 jeshi la anga la Marekani lina waraka rasmi unaoelekeza vikosi vitawanyike katika viwanja vingi vidogo na kuhamahama kati yake, na fundi mmoja ajue kazi zaidi ya moja. Mkakati huo unarudisha suala la uzito kwa nguvu mpya, kwa sababu sasa mzigo hausafiri mara moja kutoka Marekani hadi Ghuba, bali unahama tena na tena kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye kina. Mimi nimefanya kazi za manunuzi ya umma kwa muda mrefu, upande wa kiraia, na naomba niwe mkorofi kidogo. Unazisifu kurasa 2 badala ya 137. Kila aliyekaa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni anajua kwamba kurasa nyingi za kanuni zimeandikwa baada ya mtu fulani kuiba. Ukifungua mlango wa dharura, wa kwanza kupita si askari aliyeko jangwani, ni mzabuni mwenye jamaa ofisini. Unatuambia nini kuhusu hilo?

Mleta mada

Ndugu yangu, sikupingi hata kidogo. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza mikataba ya vita vya Iraki na Afghanistan ilikadiria mwaka 2011 kwamba kati ya dola bilioni 31 na bilioni 60 zilipotea kwa ubadhirifu na wizi. Fedha hizo zilipita kwa sehemu kubwa kwenye mikataba ya huduma: chakula, ulinzi, ujenzi, usafiri. Jeshi la anga lenyewe lina mkataba wa namna hiyo wa kujenga na kuendesha kambi tangu 1997, na siwezi kufikiri lingefanyaje kazi bila huo. Tatizo lililoonekana ni kwamba maofisa wa mikataba waliokuwa uwandani walikuwa wachache mno kulingana na kazi, walibadilishwa kila baada ya miezi michache, na aliyefika alirithi mafaili asiyoyajua. Mzunguko wa zamu uliobuniwa kumpumzisha rubani ukamnufaisha mkandarasi mjanja, ambaye yeye habadilishwi. Ningeanzia hapo: kuongeza maofisa wa mikataba na kuwakalisha muda mrefu kuliko marubani, kabla ya kuongeza kurasa za kanuni.

Kuhusu njia za mkato, kisa cha ndege za kujaza mafuta angani ndicho kinachokuunga mkono zaidi. Baada ya 2001 ulibuniwa mpango wa kukodisha ndege za Boeing badala ya kuzinunua, ili kukwepa foleni ya bajeti. Ikagundulika kwamba Darleen Druyun, ofisa mwandamizi wa ununuzi wa jeshi la anga, alikuwa akijadiliana na kampuni hiyo kuhusu ajira yake huku akishughulikia mikataba yake. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo na mpango ukafa. Zabuni iliyofuata ilimpa ushindi mshindani mwaka 2008, GAO ikakubali rufaa ya Boeing, na mkataba wa KC-46, ndege mpya ya Boeing ya kujaza mafuta, ukasainiwa Februari 2011 tu. Ndege ya kwanza ilipokewa Januari 2019, ikiwa na kasoro katika mfumo wa kamera anaoutegemea mwendesha bomba la mafuta. Muda wote huo mzigo wa safari za mbali ulibebwa kwa sehemu kubwa na ndege kongwe za KC-135, ambazo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1965. Mkato huo ulirefusha safari kwa zaidi ya muongo.

Lakini naomba tutenganishe wizi na kutohesabu, maana mara nyingi hukumu huwa moja ilhali ugonjwa ni tofauti. Ndege 20 za mizigo aina ya G222 zilizokarabatiwa Italia kwa ajili ya jeshi la anga la Afghanistan ziligharimu, kwa hesabu ya mkaguzi maalumu wa Marekani, dola milioni 549. Vipuri vilikuwa adimu kwa sababu ndege hizo hazikuwa zikitengenezwa tena, matengenezo yakazidi uwezo uliokuwapo, na mwaka 2014 ndege 16 zilikatwakatwa Kabul na kuuzwa kama chuma chakavu kwa fedha isiyofika dola 50,000. Swali la vipuri lingeweza kuulizwa na mtu yeyote kabla ya kusaini, na jibu lake halikuhitaji upelelezi.

Kinyume chake ni mradi wa MC-12W. Mwaka 2008 Waziri Robert Gates alikuwa amechoshwa na uhaba wa ndege za upelelezi Iraki na Afghanistan. Badala ya kubuni ndege mpya, zikachukuliwa ndege ndogo za abiria za King Air 350, zikafungwa kamera na mitambo ya mawasiliano, na Juni 2009 ya kwanza ilikuwa ikiruka kutoka Balad, Iraki. Ilichukua chini ya mwaka mmoja tangu fedha zipitishwe. Wengi husifu kasi hiyo. Mimi nasifu uchaguzi wa ndege. King Air ina mafundi, vipuri na vitabu vya ufundi karibu kila bara, kwa hiyo nusu ya kazi ya ugavi ilikuwa imekwisha kufanywa na soko la kiraia kabla mkataba haujaandikwa. Kasi ilitokana na kuchagua kitu ambacho tayari kilijua kuishi ugenini.

Sheria zimekuwa zikisogea upande huo. Sheria ya ulinzi iliyopitishwa mwishoni mwa 2015 ilifungua njia ya kati kwa miradi inayoweza kumalizika ndani ya miaka 5; mwongozo wa Januari 2020 ukatambua njia sita tofauti, ikiwamo ya dharura isiyozidi miaka 2 na ya programu za kompyuta peke yake; na Agosti 2025 Pentagon ikaufuta mfumo wa pamoja wa kuidhinisha mahitaji uliokuwapo tangu 2003. Nayakaribisha mengi ya hayo kwa tahadhari moja: mfumo uliofutwa, pamoja na uzito wake wote, ulikuwa mahali ambapo mtu wa ugavi angeweza kusimama na kuuliza kifaa kitasafirishwaje. Sijaona kiti chake kimehamishiwa wapi.

Mchangiaji, Nanyuki

Habari zenu. Nimesoma yote na nina jambo la karibu na kwetu. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, liliiruhusu AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, kuwa na helikopta 12 nchini Somalia, 9 za uchukuzi na 3 za mashambulizi. Agosti 12 mwaka huo Uganda ikatuma zake. Tatu za Mi-24 zikaanguka Mlima Kenya zikiwa njiani, na ya nne, Mi-17, ikatua Garissa salama. Baada ya hapo miaka zaidi ya minne ikapita kabla ya helikopta za Kenya kuwekwa chini ya AMISOM. Askari wa miguu walikaa kwenye vituo vya mbali, majeruhi wakitegemea ndege za kukodi. Naomba mleta mada aeleze: hapo kulikosekana fedha, au kulikosekana huo ununuzi unaousema? Na je, mikataba ya ndege za watu binafsi ndiyo suluhisho, kama tulivyoona pale Manda, Lamu?

Mleta mada

Pole kwa kumbukumbu ya ajali ile, na asante kwa kuileta, kwa sababu inaonyesha kwamba jambo hili si la matajiri peke yao. Azimio lilitoa ruhusa ya idadi, na ruhusa ya idadi haiundi kikosi. Helikopta ya kijeshi kutoka nchi changizi hulipiwa kwa hati ya makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa na serikali yake, na serikali hiyo ndiyo inayopaswa kuwa na vipuri, marubani wa ziada na njia ya kufika. Nchi nyingi za kwetu zimenunua helikopta kwa ajili ya ulinzi wa ndani, ambako karakana iko jirani. Kuitoa moja kwenda Somalia kwa mwaka mzima ni kutoa pia mafundi, injini ya akiba na kreni, na vitu hivyo havikununuliwa vya pili. Afrika Kusini, iliyopeleka helikopta zake za mashambulizi za Rooivalk Kongo mwaka 2013 na kuzitumia dhidi ya waasi wa M23, ilikuwa imeunda 12 tu kwa jumla. Katika kundi dogo hivyo, kila moja iliyo ugenini inaacha pengo nyumbani kwenye mafunzo na matengenezo.

Kuhusu ndege za kukodi, zinasaidia, na Umoja wa Mataifa haungeweza kufanya kazi bila hizo. Lakini mkandarasi hubeba hatari kadiri mkataba wake unavyosema. Katika shambulio la al-Shabaab kwenye kiwanja cha Manda, Januari 5, 2020, waliouawa upande wa Marekani walikuwa askari mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi, na ndege ziliharibiwa, ikiwamo ya upelelezi iliyoendeshwa kwa mkataba. Anayenunua huduma badala ya ndege lazima anunue pia ulinzi wa huduma hiyo, ama kwa kumlipa mkandarasi bei inayolingana na hatari, ama kwa kupeleka askari wake wakailinde, na gharama hiyo iandikwe kwenye fungu lilelile ili ulinganisho na ndege ya kijeshi uwe wa haki.

Kwa nchi changizi ningependekeza jambo la kawaida zaidi: kwamba kila ununuzi wa helikopta kuanzia sasa uwe na kifurushi cha vipuri na zana cha kusafiri nacho, kilichopimwa kwa ndege halisi zilizopokewa, wala si kwa orodha ya mtengenezaji, na kwamba kiguswe kwa kazi za nje tu. Na kwenye hati ya makubaliano na Umoja wa Mataifa, kipengele ambacho wanasheria wetu wakisome kabla ya vingine vyote ni kile kinachosema nani analipa siku ambazo helikopta imekaa chini ikisubiri kipuri.